Mungu Atatoa, Ila Muoneni Mweka Hazina

Nimechoka kuambiwa kwamba Mungu atatoa. Mimi na Mungu hatuna ugomvi, tumetoka naye mbali. Ugomvi wangu ni na hawa wanaolisema neno hilo huku macho yao yakiwa kwenye mfuko wangu wa shati.

Ngoja niwape habari kamili. Mimi ni mweka hazina wa Kamati ya Mtoto, na cheo hicho sikukiomba. Usharika wetu wa Waswahili hapa Dallas, Texas, hauna jengo lake. Tunasali saa nane mchana katika kanisa la Wamarekani, wenyewe wakishamaliza ibada ya asubuhi na kutuachia viti vyenye joto na biskuti zilizobaki. Kwenye hiyo ibada ya asubuhi kuna mume na mke ambao nitawaita Safu ya Tatu, kwa kuwa ndipo wanapokaa kila Jumapili na sina ruhusa ya kuwaanika majina. Safu ya Tatu wameamua kuasili mtoto kutoka Kolombia. Na mtu mmoja, ambaye nikimjua tutaonana wabaya, aliwanong'oneza kwamba Waswahili ni mabingwa wa kuchangishana.

Ni kweli, na ndiko kulikotuponza. Mtanzania hubatizwa kwa mchango, huoa kwa mchango na huzikwa kwa mchango. Mkenya ana harambee yake, Mkongo ana likelemba yake. Basi Safu ya Tatu wakaja saa nane, wakakaa safu ileile ya tatu, wakala pilau yetu, wakaeleza shida yao. Mchungaji akasema hili ni jambo la baraka, tuunde kamati. Alipouliza nani atashika fedha, kila mtu akaanza kutafuta kitu chini ya kiti. Mke wangu, ambaye nyumbani hanikabidhi hata hela ya mkate bila kudai chenji, akasimama na kusema, "Mume wangu anaweza, Baba Mchungaji. Tena ni mwaminifu sana." Watu wakapiga makofi. Uaminifu wangu uliwahi kutajwa hadharani mara moja tu, siku ya harusi, na siku hiyo pia ulinigharimu.

Kikao cha kwanza wakatuletea karatasi ya makisio. Jumla ilikuwa dola elfu arobaini na kidogo. Chumba kikapoa. Mgeni wa nchi hii hajui kusoma dola bila kuzigeuza shilingi, nami nikazigeuza: zaidi ya milioni 100. Kwa fedha hiyo Kibaha unapata kiwanja, nyumba na choo cha ndani. Mzee mmoja wa Tabora akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akauliza taratibu, "Mtoto mmoja?"

"Mmoja, mzee."

"Na hajafika chuo kikuu bado?"

Msimcheke. Sisi tumekulia kwenye nyumba ambazo mtoto wa mtu huletwa na basi. Mimi nimelala kitanda kimoja na watoto wa shangazi, na watoto wa jirani wa shangazi. Mmoja wao alishushwa stendi na kondakta, ana mfuko wa rambo wenye nguo mbili na barua kwa baba. Barua ilikuwa na mistari michache: mpokee mwanao, hali huku ngumu, maharage haya ni zawadi. Baba akaisoma, akaikunja, akasema, "Mwongezeni mkeka." Uasili ukawa umekamilika. Hapakuwa na hakimu wala mkalimani. Leo huyo ndiye anayemlisha mama yangu na ndiye anayenipigia simu kunikumbusha michango ya ukoo.

Safu ya Tatu mkeka wanao, lakini kabla haujatandikwa kuna mlolongo. Kwanza wakala wa uasili analipwa. Kisha anakuja ofisa ustawi wa jamii kuichunguza nyumba. Huyo hukagua ving'ora vya moshi, huuliza dawa zinafungiwa wapi, hutazama bafu, hudai vyeti vya daktari na taarifa za benki, halafu huwakalisha mume na mke, kila mmoja peke yake, na kuwauliza walichapwaje walipokuwa wadogo. Wanatakiwa pia watu wa kuwaandikia barua za kuwathibitisha, na bila shaka nikateuliwa. Fomu iliuliza udhaifu wao ni upi. Jamani, mimi nimelelewa Tanga. Kumwandikia mtu udhaifu wake kwenye karatasi ya serikali, kwetu, ni jambo ambalo watu wamehamishwa mtaa kwa ajili yake. Nikakaa na kalamu jioni nzima, mwishowe nikaandika kwamba chakula chao hakina chumvi. Ofisa akapiga simu kuuliza kama nina maana nyingine iliyofichika.

Baada ya hapo Idara ya Uhamiaji inataka fomu ya I-800A, na ada yake, na alama za vidole. Nisikilizeni kwenye hizi alama za vidole. Zikishachukuliwa, kibali hukaa miezi 15. Miezi hiyo ikikaribia kuisha na mtoto hajapatikana, unaomba kuongezewa muda na unarudi kupima vidole upya. Vidole ni vilevile kumi, mwenyewe ni yuleyule, lakini serikali ina mashaka. Mama Safu ya Tatu huhesabu miezi hiyo kwenye kalenda ya jikoni kwa kalamu nyekundu, na kila akigeuza ukurasa mimi hupokea ujumbe wa simu: "Habari, mzee, kamati inaendeleaje?"

Halafu kuna apostili. Huu ni muhuri wa kuthibitisha kwamba muhuri mwingine ni muhuri kweli. Cheti cha ndoa kinataka apostili. Cheti cha kuzaliwa nacho. Barua ya polisi nayo, tena ikiwa imeshagongwa na wakili wa viapo, maana apostili humthibitisha wakili, siyo barua. Vyote hivyo vikikamilika vinatafsiriwa Kihispania na mtafsiri anayetambulika, ambaye hulipwa kwa ukurasa na hana habari na harambee. Mwisho kuna safari yenyewe, maana Kolombia haimtumi mtoto kwa posta. Wazazi wanakwenda, wanakaa huko wiki kadhaa mpaka mahakama itoe hukumu, wanalipa malazi, wanalipa chakula, na yule bwana huku kazini anahesabiwa likizo bila mshahara.

Hapo ndipo linapoingia "Mungu atatoa". Bwana Safu ya Tatu ana shujaa wake wa imani, George Müller, Mprusi aliyezaliwa 1805 na kufia Bristol, Uingereza, mwaka 1898, baada ya kulea yatima zaidi ya elfu kumi. Müller alijiwekea sharti la kutomwomba mwanadamu hata senti. Alipiga magoti tu. Husimuliwa kwamba asubuhi moja watoto walikaa mezani, sahani tupu, akashukuru kwa chakula ambacho hakipo, na mara mwoka mikate akabisha hodi, kisha mkokoteni wa maziwa ukaharibikia nje ya mlango. Bwana Safu ya Tatu akiisimulia habari hiyo machozi humlengalenga. Mimi humfikiria mwoka mikate. Huyo ndiye ndugu yangu. Aliamka usiku wa manane, akakanda unga, na leo hakuna anayekumbuka jina lake.

Tena Müller mwenyewe hakuwa mjinga. Kweli hakuomba, lakini kila mwaka alichapisha taarifa ndefu ya mapato na matumizi, ikieleza siku gani walikosa nini na siku gani nini kililetwa. Watu waliisoma. Nami kama mweka hazina natambua kazi ya mwenzangu: hiyo taarifa ilikuwa inapiga magoti pamoja naye.

Safu ya Tatu nao hawaombi. Wao "wanashirikisha safari yao". Wameshirikisha kwa kuuza fulana, na ninayo moja, imebana tumboni. Wameshirikisha kwa kupanga uani kila walichonacho cha ziada, baiskeli, vikaango, mti wa Krismasi wa plastiki, na kuviuza Jumamosi nzima juani. Wameshirikisha kwa picha ya vipande. Hii sikuwahi kuiona kwetu. Unachukua picha kubwa iliyokatwakatwa vipande mia kadhaa, unauza kipande kwa dola ishirini na tano, aliyenunua anaandikwa jina nyuma, kisha picha inaunganishwa na kutundikwa chumbani kwa mtoto ili siku moja ajue nani walimleta. Picha yenyewe ni ramani ya dunia. Nikasema basi, nipeni Tanga. Tanga ilikwishanunuliwa na mtu wa Oklahoma. Nimeuziwa kipande cha bahari, buluu tupu, hakina hata kisiwa.

Upande wetu tulifanya mnada. Waliokulia kwenye Ulutheri wa nyumbani wanaujua: ibada ikiisha, matoleo ya mazao yanatolewa nje, mayai, mkungu wa ndizi, jogoo amefungwa miguu, na mzee wa kanisa mwenye sauti anayauza kwa atakayepanda bei. Sasa hapa masharti ya jengo hayaruhusu jogoo. Mama mmoja akatatua kwa kuleta kuku wa dukani, aliyegandishwa, mgumu kabisa, ndani ya mfuko wake wa plastiki. Mzee wetu wa Moshi akamnyanyua juu kwa mikono miwili. "Kuku huyu ni wa mtoto! Nani ananipa ishirini?" Mtu akatoa ishirini, mwingine thelathini, akamfikia ndugu mmoja wa Fort Worth kwa themanini. Watu wakapiga vigelegele. Ndugu akasimama, akarekebisha koti, akasema namrudishia Bwana, auzwe tena.

Akauzwa tena. Na tena akarudishwa. Kila mnunuzi aliona haya kuwa yeye ndiye wa kwenda naye, na Texas, mwezi wa saba, haimvumilii kuku wa barafu. Maji yakaanza kudondoka kwenye zulia jekundu la Wamarekani. Mapaja yakalegea. Mzee wa Moshi akawa anamshika kwa kitambaa cha kupangusia madhabahu, mchungaji akawa anatazama pembeni. Tulipofunga hesabu, kuku yule mmoja alikuwa ameingiza dola mia sita na kumi, sehemu taslimu, sehemu ahadi, na hakuna aliyetaka kumchukua. Mke wangu akamtia kwenye kapu. Usiku ule nimekula kuku wa dola mia sita. Alikuwa na ladha ya kuku.

Mama Safu ya Tatu alilia pale pale, mumewe akashika kipaza sauti akasema Mungu ametoa. Daftari lilikuwa mkononi mwangu, nikalipitia. Waliotoa ni muuguzi wa wazee anayefanya zamu mbili, dereva wa lori aliyekuwa hajalala, kijana wa bohari, mama anayesuka nywele sebuleni kwake, na mimi. Mchungaji anasema ndivyo Mungu anavyotoa. Sibishi, lakini zamu ya usiku ya Jumanne lazima mtu mwenye mgongo aende akaifanye. Ibrahimu alipokwama mlimani alimkuta kondoo dume kichakani, pembe zimenaswa, na sijasoma popote kwamba kondoo yule alichangiwa na kamati.

Daftari langu lina safu tatu: taslimu, ahadi, na tutawaombea. Safu ya tatu ndiyo ndefu kuliko zote. Nimegundua jambo ambalo wahubiri hawalisemi. Wanaolalamika ndio wanaolipa. Yule mzee wa Tabora aliyeuliza "mtoto mmoja?" alileta bahasha wiki iliyofuata, dola mia mbili zilizokunjwa mara nne, akasema, "Bei hii ni wizi. Shika." Anayepaza sauti "Amina, Mungu ni mwaminifu!" mpaka kipaza sauti kinapiga mluzi, huyo simu yake haipatikani.

Swali ninaloulizwa sana na Wamarekani wa asubuhi ni kwa nini tusiwatafutie Safu ya Tatu mtoto Tanzania, si ndiko kwenu, si itakuwa nafuu. Nawajibu kwamba sheria yetu ya mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mgeni awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo. Uganda, tangu 2016, inataka mwaka mmoja. Kenya ilisimamisha uasili wa wageni Novemba 2014. Kongo ilisimamisha vibali vya watoto hao kutoka nchini Septemba 2013. Ethiopia ikafunga 2018, China 2024. Mwaka 2004 Wamarekani walileta watoto karibu elfu 23 kutoka nje. Mwaka 2023 hawakufika hata 1,300.

Milango haikufungwa kwa roho mbaya. Agosti 2020 Hazina ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, pamoja na wakili na mshirika wake, kwa mpango wa kuuza uasili. Wazazi wa vijijini waliahidiwa kwamba watoto wao wanapelekwa Kampala kusoma. Watoto wakaingizwa kwenye vituo, wakaonyeshwa kwa wageni kuwa ni yatima, na makaratasi yakapita kwa hongo. Fikirini yule kondakta wangu wa basi, ila safari hii anamshusha mtoto Ohio, na baba mwenye barua hajui.

Kwa hiyo nanung'unikia apostili, nanung'unikia vidole, lakini nikimkuta mtu anayesema anajua njia ya mkato ya bei poa, nafunga daftari. Mkataba wa Hague wa 1993, ambao Kolombia na Marekani zote zimo, unaweka foleni: kwanza mtoto abaki kwao, ikishindikana apate familia ndani ya nchi yake, na hilo likikwama ndipo mgeni afikiriwe. Watoto wanaobakia mwisho wa foleni hiyo Kolombia wengi si vichanga. Ni wakubwa kidogo, au ni ndugu wasiotakiwa kutenganishwa, au wana maradhi na mahitaji maalumu. Safu ya Tatu wanajua. Wametenga chumba kisicho na kitanda cha mtoto mchanga, wameweka meza ya kufanyia kazi za shule, na yule mama anajifunza Kihispania kwenye gari, anazungumza peke yake kwenye foleni za barabarani hadi madereva wengine wanamtazama.

Serikali nayo inasema itasaidia. Kuna nafuu ya kodi kwa waasili, hadi dola 17,280 kwa mtoto kwa mwaka 2025. Nilipoisikia nikasema basi kamati ivunjwe, twende nyumbani. Kumbe kwa mtoto wa nje nafuu hiyo unaidai baada ya uasili kukamilika. Ukishalipa kila kitu, ukishakopa, ukishauza baiskeli, ndipo serikali inakukumbuka kwenye hesabu za kodi. Anayetakiwa kutoa mapema ni Mungu, na Mungu akitakiwa mapema, simu inalia kwangu.

Haya, hali ya mfuko. Zimebaki dola elfu sita na ushee kutimiza lengo. Ahadi zilizo kwenye daftari, zikilipwa zote, zinatosha na chenji inabaki ya kumnunulia mtoto koti. Sihitaji muujiza wala mkokoteni wa maziwa uharibike mlangoni kwangu. Nahitaji watu walipe walichotamka kwa midomo yao wenyewe.

Kikao ni Jumamosi saa kumi jioni, ukumbi wa nyuma, ingieni kwa mlango wa maegesho. Ndugu wa Fort Worth, uliyemnunua kuku kwa themanini ukamrudishia Bwana: Bwana amempokea, zile themanini hajaziona. Na ninyi wengine mliosimama mkaandikishwa mia, mia na hamsini, watu wakawashangilia mpaka mkakaa, kumbukeni kwamba makofi tuliwapigia taslimu. Leteni na zenu.